Baroki Haikungoji Ugeuze Ukurasa

Kabla hamjaendelea, vitoeni hivyo visikizi masikioni. Najua mnasoma, hamsikilizi, lakini mtu mwenye kelele kichwani hata kusoma anasoma nusu.

Juma lililopita nilipita pale ukumbini kwetu, ule wa mabati nyuma ya soko la Jericho, nikawakuta mnajiandaa kwa tamasha la Jumamosi hii. Mlipiga kipande cha Baroki, halafu mkapiga cha Klasiki. Mimi niliyesimama mlangoni na mfuko wangu wa sukuma wiki sikujua kimoja kimeisha lini na kingine kimeanza saa ngapi. Vyote mlivipiga kama mtu anayekoroga uji. Nikauliza tofauti iko wapi. Msichana mmoja mwenye nywele kama fagio, ambaye macho yake hayakuwa kwenye noti bali kwenye mikono ya mwenzake, akanijibu, "Shosho, si hizo ni kitu moja tu? Ni wazungu wa kitambo na mawigi."

Ndiyo, wote walivaa mawigi. Hata mimi na jirani yangu sote tunafunga vitambaa kichwani, na ugali wake ni mbichi.

Basi nimechukua daftari. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, ziamsheni wenyewe. Lakini kazi nimefanya. Nilianza kwa kufagia huo ukumbi, kisha kwa miaka kumi na mmoja nikawa mgeuza kurasa wa Mwalimu Mbithi. Siku hizi mnaweka kioo cha kompyuta mbele yenu, mnakanyaga kidude kwa mguu, ukurasa unajigeuza. Vizuri. Zamani hicho kidude kilikuwa mimi. Nitawaambia nilichojifunza nikiwa kidude, na nitawaambia kuhusu ile siku ambayo karibu nimnyime Nafula nafasi ya chuo kwa mkono wangu huu wa kushoto.

Mwalimu Mbithi alikuwa Mkamba mrefu, mkavu, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Mchana alikuwa karani mjini. Saa kumi na moja alishuka hapa Jericho akafundisha watoto wa mtaa piano. Mgeuza kurasa wake wa kwanza aliolewa akaenda zake, na Mwalimu akanikuta nimepiga magoti nikisugua sakafu.

"Mama Rasoa, unajua kusoma?"

"Najua." Hiyo ilikuwa kweli. Biblia nasoma, ila polepole, kwa kidole.

"Na noti je?"

"Kidogo."

Hapo nilidanganya. Hicho kidogo changu kilikuwa sifuri iliyovaa kofia. Lakini magoti yalikuwa yananiuma, na nilikuwa nimeona kwamba mgeuza kurasa hufanya kazi akiwa amevaa viatu.

Wiki ya kwanza Mwalimu alipiga kipande kizima akiwa amefumba macho. Nikafikiri ni utamu wa muziki umemwingia. Nikasimama kando yake kama askari wa benki, najivunia.

Sasa sikilizeni ufundi. Kaa kushoto kwa mpigaji. Wakati ukikaribia, simama taratibu, shika pembe ya juu kwa mkono wa kushoto. Kiwiko kisipite mbele ya pua ya mtu. Usilambe kidole, hapa hatuhesabu noti za benki. Bangili vua. Kitunguu saumu usile siku hiyo, na kama umekula, pumulia upande wa dirisha. Ukigeuza, geuza ukurasa mmoja. Hiyo inaonekana rahisi. Ngojeni.

Mtauliza, mtu asiyejua noti atajuaje lini ageuze? Mungu hamwachi mja wake. Mwalimu Mbithi alikuwa na kasoro moja kubwa: alimwaga chai. Kila ukurasa wa vitabu vyake ulikuwa na tone moja la chai, na nikagundua kwamba lile tone lilikuwa karibu na mahali pa kugeuza. Mimi nikawa nafuata muziki kwa macho kama mtu anayefuata siafu, noti zikipanda napanda, zikishuka nashuka, tukifika kwenye chai, nageuza. Sikumwambia mtu. Ila uchafu siupendi, na mdomo wangu mnaujua.

"Mwalimu, mtu mzima unamwagaje chai kama mtoto wa nasari?"

"Ni mikono, Mama Rasoa. Mikono yazeeka."

"Basi kunywa kwanza, ndio ufungue kitabu."

"Nitajaribu."

Hakujaribu. Kila jioni nilipoondoa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa hadi ukingoni, nikakimwaga nje kwenye mtaro. Nikasema, huyu mzee kazi yake na chai ni kupaka karatasi tu.

Na hapo kwenye chai ndipo nilipoanza kuona tofauti ya Baroki na Klasiki. Kwenye vitabu vya Baroki, tone lilikaa mbali kabla ya mwisho wa ukurasa, kama mstari mzima nyuma. Kwenye vya Klasiki lilikaa palepale mwishoni. Nilidhani muziki wa Baroki unamtetemesha mzee mikono zaidi. Siku moja nikamuuliza kwa mzunguko, kwa nini Baroki inataka kugeuzwa mapema.

"Kwa sababu haipumui," akasema. "Baroki ikishaondoka imeondoka. Sauti moja inaanza, ya pili inaidaka kabla ya kwanza kumaliza, ya tatu inaingia. Umewahi kuona akina mama kwenye foleni ya maji?"

"Mimi mwenyewe ni mmoja wao."

"Basi ndiyo hiyo. Wote wanasema jambo lilelile na hakuna anayenyamaza."

"Na Klasiki?"

"Klasiki ni mkutano wa chama wenye mwenyekiti mkali. Mmoja anaongea, wengine chini wanaitikia. Anauliza swali, ananyamaza. Anajibiwa. Wewe geuza pale watu wanapokohoa."

Tangu siku hiyo nikaacha kuona tu, nikaanza kusikia. Nikifagia naye anapiga Baroki, nilifagia ukumbi mzima bila kusimama, natoka jasho. Akipiga Klasiki, nilifagia hatua nne, nanyoosha mgongo, nafagia nne, nanyoosha mgongo. Mgongo wangu ni mtu wa Klasiki. Nyinyi mnaopiga vyote kama uji, chukueni fagio. Nasema kweli. Mtu hawezi kufagia kwa uongo.

Tofauti nyingine iko kwenye kinanda chenyewe. Ile piano mnayoiona hapo hugonga nyuzi kwa nyundo ndogo. Ukibonyeza kwa nguvu inalia, ukibonyeza polepole inanong'ona, na kati ya hayo mawili unapanda kidogokidogo kama unapepea jiko la makaa. Watu wa Klasiki waliipenda kwa hilo. Watu wa Baroki walikuwa na hapsikodi. Hapsikodi haigongi, inadonoa, kama kuku na mahindi. Bonyeza kwa hasira, bonyeza kwa mapenzi, sauti ni ileile, kama karani wa dirishani: lia, cheka, jibu lake ni moja. Ukitaka sauti kubwa, unaongeza safu nyingine ya nyuzi, na inaruka ghafla kama taa iliyowashwa.

Hapsikodi tuliipataje Jericho? Mwalimu alikuwa na mdogo wake huko Njiru, fundi wa kuchonga vinyago. Mwalimu akampelekea picha kutoka kitabuni, na yule fundi akachonga. Ilichukua muda, na ilitoka na vichwa viwili vya swara ubavuni ambavyo hakuna aliyeviagiza, lakini ililia. Shida ilikuwa yale meno ya kudonoa. Yanachongwa kutoka kwenye bua la unyoya wa kunguru. Na nani alitumwa kutafuta manyoya ya kunguru? Msiniulize.

Nilikuwa nakaa Mowlem wakati huo. Nikawa naonekana asubuhi nikiokota manyoya kando ya jalala, nayaosha, nayaanika kwenye kamba kati ya soksi. Siku ya tatu jirani akanisimamisha.

"Mama, hayo manyoya ni ya nini?"

"Ni ya kinanda."

"Kinanda kinaumwa?"

"Kimepoteza meno."

Jioni ile nikafungua mlango nikakuta akina mama sita wa kanisani na mchungaji wao, wamekuja kuniombea. Nikawakaribisha. Tukaomba. Nikawaambia kwa kuwa wako hapa, wasaidie kuchambua, na manyoya marefu wayaweke kushoto. Mchungaji alikuwa na jicho zuri sana la manyoya.

Basi, Nafula. Huyu alikuwa msichana wa Mowlem, mama yake kibarua kiwandani, naye mwenyewe amemaliza shule na sasa anamenya viazi kwenye kibanda cha chipsi. Mikono yake ilinuka mafuta ya kupikia, lakini ikikaa kwenye kinanda mnanyamaza wote. Chuo cha walimu wa muziki kikakubali kutuma mtahini hapa ukumbini, Jumamosi asubuhi, mara moja tu. Apige kipande kimoja cha Baroki kwa hapsikodi, kimoja cha Klasiki kwa piano. Akipita, anakuwa mwalimu. Akianguka, viazi. Hakuna mlango wa tatu.

Mimi nilikuwa mgeuza kurasa. Nilikuwa nimegeuza vitabu hivyohivyo mara nyingi sana. Nilivaa rinda la jumuiya ya kanisani na viatu vya ngozi, nikavua bangili, nikakaa kushoto. Mtahini alikuwa bwana mfupi mwenye tai, ameketi na daftari gotini. Mwalimu Mbithi alikuwa nyuma yake na kikombe chake cha chai. Nafula akaja, akaweka karatasi kinandani.

Karatasi zilikuwa nyeupe. Nyeupe kama shuka ya mgeni.

"Nafula," nikanong'ona, "kitabu kiko wapi?"

"Nimetoa kopi, Mama. Nilimwambia wa mashine atoe madoa yote. Siwezi kumwekea mtahini karatasi zimejaa chai kama kitambaa cha hoteli."

Nikatazama kile kitu. Noti zilikuwa nyingi kama mchwa baada ya mvua, na hakuna tone hata moja la kunielekeza. Ningesema ukweli hapo hapo, ingekuwa sawa. Lakini Mwalimu Mbithi alikuwa pale, na kwa miaka yote hiyo nilimwambia "kidogo". Nikafunga mdomo. Hilo ndilo kosa, vijana. Mengine yote yaliyofuata ni watoto wake.

"Ukitikisa kichwa, nitageuza," nikamwambia.

"Sawa, Mama."

Akaanza Baroki. Sasa mnajua Baroki ina mapigo yasiyokoma, mkono wa kushoto unatembea kama mama anayewahi soko. Na Nafula, kwa woga, akawa anatikisa kichwa kwa kila pigo. Kila pigo! Kama mjusi juu ya ukuta. Akatikisa, nikageuza. Akatikisa, nikageuza. Akatikisa. Kufikia kuvuta pumzi ya kwanza nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho, na Nafula bado hajamaliza mstari wa tatu.

Alinitazama kwa pembe ya jicho. Sijawahi kutazamwa vile tangu nizaliwe, na mimi nilikuwa na mama mkwe.

Lakini hakusimama. Wazee wa Baroki walikuwa na desturi: mara nyingi waliandika sauti ya chini tu, na nambari chache chini yake, halafu mpigaji ajaze ya juu mwenyewe. Ni kama kuambiwa, "Pika, wageni ni wanane," bila kuambiwa chumvi kiasi gani. Mwalimu Mbithi alikuwa amewafundisha wote kujaza hivyo, hata walipolia. Nafula akashika sauti ya chini kichwani, mkono wa kulia ukaanza kujaza. Akajaza, akapamba, akazunguka, huku mimi nikirudisha kurasa mojamoja kama mtu anayetafuta kitambulisho ndani ya mkoba. Nilipofika kwenye ukurasa wa kwanza akaniambia kwa meno, "Wacha hapo." Nikaacha. Akamaliza.

Mtahini akaandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu.

Tukahamia piano. Nafula akaniambia bila kusogeza midomo, "Mama, hii sitatikisa chochote. Klasiki haisamehi." Ni kweli. Baroki ni kitenge, doa linapotelea kwenye maua. Klasiki ni kitambaa cheupe cha mezani.

Nikaamua kuacha macho. Nikatazama ukuta. Nikasikiliza kama ninafagia. Hatua nne, swali. Hatua nne, jibu. Chini mkono wa kushoto unatwanga polepole, juu mmoja tu anaongea. Swali, jibu, kimya kidogo: nikageuza. Nafula hakunitazama, maana yake nimepatia. Swali, jibu, kimya: nikageuza. Ningekuwa na fagio, ukumbi ungekuwa unang'aa.

Karibu na mwisho muziki ukapanda, ukapanda, jiko likawaka lote, pwaa! Kisha kimya. Nafula ameinua mikono hewani.

Mtahini akafunga daftari lake. "Asante sana," akasema, akainuka.

Na mimi nilijua haijaisha. Sikujua kwa karatasi. Nilijua kwa mgongo. Swali lilikuwa limeulizwa, na hakuna aliyejibu. Hawa watu wa Klasiki walipenda huo mchezo, kunyamaza katikati ili mjinga apige makofi. Lakini mtoto wangu alikuwa amebaki na jibu mikononi, na bwana amesimama anatafuta koti. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Keti, baba. Hajajibiwa."

Yule bwana akaketi, nafikiri ni kwa kuwa hajaamrishwa hivyo tangu alipokuwa darasa la kwanza. Nafula akashusha mikono. Likaja jibu, dogo, la polepole, la mwisho, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu.

Mtahini akamgeukia Nafula. "Hii ya pili sina neno. Lakini ya kwanza, mbona uliacha karatasi na kuanza kupiga vitu vyako? Ulisahau? Mwalimu wa kesho hawezi kupotea ukurasa wa kwanza."

Nafula akatazama chini. Angesema "ni Mama Rasoa", wala nisingemlaumu. Hakusema. Nikaona viazi, ndoo kwa ndoo, mpaka uzee wake.

Nikasimama.

"Bwana mtahini, ni mimi. Sijui noti. Sijawahi kujua hata moja. Huwa nafuata matone ya chai ya Mwalimu, na leo chai haikuwapo. Huyu mtoto hakupotea. Mimi ndiye niliyempoteza, akajiokota mwenyewe."

Yule bwana alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. Akafungua daftari, akakata mstari mrefu. "Basi kosa ni la mgeuza kurasa," akasema. "Na mgeuza kurasa hafanyi mtihani leo."

Nafula alipita. Mnamjua. Ndiye huyo anayewafundisha nyinyi, na ndiye anayewapigia kelele mkitikisa vichwa.

Lakini mimi wakati huo sikungoja shangwe. Nilikwenda stoo kuchukua fagio langu. Kazi ya viatu nilijua imeisha. Mwalimu Mbithi akanifuata, suruali na pasi yake, kikombe mkononi.

"Mama Rasoa, waenda wapi?"

"Kufagia. Nilikudanganya miaka kumi na mmoja."

"Ulinidanganya lini? Wiki ya kwanza uliniwekea kitabu juu chini, ukasimama kando yake kama askari. Nikapiga kipande kizima kwa kichwa nimefumba macho, nisije nikacheka."

Nikashika fagio kwa mikono yote miwili.

"Sasa kama ulijua," nikamuuliza, "mbona hukunifukuza?"

"Ulikuwa unafagia kwa mapigo. Ni wachache wanaofagia kwa mapigo." Akaweka kikombe juu ya rafu. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. "Na mimi nina vidonda vya tumbo, mama. Daktari alinikataza chai kabla sijakujua. Umewahi kuniona nikimeza hata funda moja?"

Nilisimama na fagio mkononi. Nikayafikiria yale matone, la Baroki mapema kwa kuwa haingoji, la Klasiki mwishoni kwa kuwa inapumua, kitabu baada ya kitabu, na mzee ameketi jioni na kijiko akidondosha moja moja. Na mimi nikimgombeza.

Basi wewe mwenye nywele kama fagio. Nilikuona. Macho ya mtu asiyejua noti nayajua, nimekaa nayo miaka mingi. Usiogope, na usimwambie mtu "kidogo". Jumamosi njoo mapema kabla ya wenzako, na uje na karatasi, si kile kioo. Nitakuwa mlangoni na kikombe cha chai, na sitakinywa.